Mrejesho: Binti yangu na safari ya kuanzia koleji huko California

Mwezi Januari niliwauliza, ndugu zangu, kama ni busara binti yangu, aliyemaliza kidato cha nne hapa Nairobi na kupata B katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, aanzie koleji ya umma ya miaka 2 huko California ndipo ahamie chuo kikuu. Wakala mmoja wa mjini alikuwa ametuhakikishia kwamba masomo yote yangehesabiwa, nanyi mkanisihi nisilipe chochote kabla ya kuhakiki. Nawashukuru kwa dhati.

Jioni kadhaa tulipitia ASSIST, tovuti rasmi inayoonyesha ni kozi zipi za koleji zinazokubaliwa na kila kampasi ya University of California, tukaona kwamba baadhi ya zile alizopendekeza wakala hazingeingia kabisa katika shahada ya uhandisi. Hapo moyo uliniuma, kwa maana tungeliyajua hayo akiwa tayari amepoteza muhula mzima na karo ya mwanafunzi wa kigeni, ambayo ni kubwa kuliko ya mkazi. Tulijifunza pia kwamba kampasi 6 za chuo hicho, zikiwemo Davis na Irvine, humhakikishia nafasi mwanafunzi wa koleji anayetimiza masharti, hata akiwa mgeni, ingawa si kila shahada imo. Berkeley na Los Angeles hazina mpango huo.

Wakala tumeachana naye. Binti aliomba mwenyewe, fomu ya I-20, ambayo koleji humpa mwanafunzi wa kigeni iliyemkubali ili aombe viza, imefika, na sasa anasubiri mahojiano ya viza katika ubalozi wa Marekani, Gigiri.