Barua ya babu ina neno "fisadi": alimaanisha mwizi au kitu kingine?

Mjukuu wa Pangani
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada, hasa kwa mnaokijua Kiswahili cha wazee wa pwani.

Tukiwa kwenye mirathi ya shamba la minazi, tulifungua sanduku la marehemu babu tukakuta barua aliyomwandikia bibi mwaka 1962, alipokuwa kazini kwenye shamba la katani. Anasema: "Nikiwa safarini, usimwache fulani apite ndani, mtu yule ni fisadi." Huyo fulani ni babu wa binamu zetu. Baba mdogo alipoisoma akasema papo hapo: kumbe ndio waliotuibia nusu ya shamba! Tangu siku hiyo hatusalimiani. Hata kwenye msiba wa juzi tulikaa mbalimbali.

Dada yake babu bado yu hai. Alisema tu, "Fisadi si mwizi wa shamba, wanangu," akajitanda kanga, akakataa kuendelea. Babu alikusudia nini? Na nikishajua, niwaambieje wazee?

Mvuvi Mstaafu
Mwanangu, bibi kasema kweli. Ujanani kwetu fisadi alikuwa mwanamume anayevizia wake na mabinti za watu. Mla rushwa tulimwita mla rushwa, au mla mlungula. Hebu itazame sentensi yenyewe: mwenye hofu ya shamba angetaja mipaka. Babu yako kataja safari na nyumba.

Kalamu Nyeusi
Neno lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni uharibifu. Wazee wa pwani waliutumia zaidi kwa mtu anayeharibu heshima za nyumba. Siku hizi ni anayeharibu mali ya umma. Kwa Tanzania, naona kilichoizika ile maana ya kwanza ni mwaka 2007, pale Mwembeyanga, Temeke, Dk. Slaa, wakati huo mbunge wa upinzani, aliposoma orodha ya vigogo aliowaita mafisadi. Kijana aliyekua baada ya hapo hana fisadi mwingine kichwani. Bepari nalo lilikuja na Wagujarati likiwa mfanyabiashara tu, lakini baada ya Azimio la Arusha, 1967, lililoleta siasa ya ujamaa, nani alitaka kuitwa bepari?

Mama Twaha, Mombasa
Ngoja kwanza, mwanangu. Ukienda kikaoni ukawaambia fisadi maana yake ni mzinzi, utawavua binamu zako wizi uwavike aibu nyingine, na jina la bibi yako uliburure humo humo. Barua haisemi kuna jambo lililotokea. Mume alimwonya mkewe juu ya mtu mwenye sifa mbaya, basi. Mwite baba mdogo faragha, umwambie zama zile neno hilo halikuwa la mali. Akitaka zaidi, mpeleke kwa huyo dada yake babu wakazungumze wawili.

Kijana wa Buguruni
Na shamba je? Kama kweli limepungua, tafuteni majirani wanaoijua mipaka. Barua hiyo msiitumie, nyie wala wao.

Mjukuu wa Pangani
Asanteni sana, nimewasoma wote. Nimeirudia barua usiku huu. Mstari unaofuata, ambao siku ile hakuna aliyeujali, babu kaandika: "Na mlango wa uani uufunge mapema." Mama Twaha, nimekuelewa. Nitampigia baba mdogo baada ya swala ya alfajiri, kabla hajatoka kwenda kwa wakili.