Kofia ya mkono ya marehemu bibi imebaki nusu, niimalizie au niiache?

UpepoWaKusi: Asalaam aleikum wana jamvi. Bibi yangu mzaa mama alifariki mwezi wa Shaaban, kwetu Unguja, na juzi tukipanga sanduku lake nimekuta kofia ya viua (vile vitobo vidogo vinavyozungushiwa uzi) aliyokuwa anamshonea kaka kwa ajili ya harusi. Duara la juu limekwisha lote ila pembeni kafika nusu tu, sindano bado imechomekwa na uzi wake. Mchoro wa penseli unaanza kufifia. Alinifundisha kutoboa na kuzungushia uzi nikiwa darasa la tano nikaja kuacha nilipoenda bweni, sa hivi nina miaka 31 na viua vyangu ukiviweka karibu na vyake vinaonekana kabisa vikubwa. Mama anasema malizia, mama mdogo anasema nitaiharibu. Nifanyeje?

BintiWete: Pole sana dada, Mungu amrehemu. Malizia. Kwetu Pemba kofia haijawahi kuwa ya mtu mmoja, bibi anachora, mama anatoboa, sie watoto tunapewa sehemu nyepesi, baada ya alasiri wote barazani mpaka magharibi. Ila usiifue sasa, penseli itatoka yote! Piga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa uzi wa rangi juu ya mchoro, utautoa ukimaliza. Halafu jaribu kwanza kwenye kipande cha bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, hesabu bibi anazungusha mara ngapi kila tobo. Kiua kikubwa mara nyingi ni sindano nene, sio mkono mbaya.

Abu_Salma: Mie nimezaliwa Muscat, bibi alitoka Unguja baada ya 1964. Huku tunaita kumma na kinamama wanazishona majumbani hadi leo, japo za mashine zimejaa soko la Mutrah. Mama yangu alimalizia moja aliyoiacha mamake, ukiitazama unaona pale mkono ulipobadilika, na mie hapo ndo napapenda kuliko kwengine kote. Niliivaa siku ya ndoa yangu.

Mshonaji_Tanga: Mimi niko upande wa mama mdogo. Sindano aliyoichomeka mwenyewe hutaipata tena, piga picha, nakili mchoro, shona nyingine nzima. Harusi lini lakini? Maana ya mkono inakula miezi.

UpepoWaKusi: Harusi mwezi wa kumi na mbili, nina miezi minne na ushee, nzima siiwezi, nusu naiweza. @Mshonaji_Tanga umenigusa, kwaiyo ile sindano nimeitoa na uzi wake nikaifunga kwenye kipande cha kanga yake, nashonea yangu. Jana usiku nimehesabu kwa tochi, anazungusha mara 14, mimi nilikuwa naenda 9 au 10 tu yani ndo maana tobo linabaki wazi. Nimefumua mara tatu, cha nne kimekaa. Kaka hajui bado. Swali la mwisho, uzi wake umeshakuwa wa maziwa na wangu mweupe pee, niuchovye kwenye chai?

BintiWete: Chai usitie hata kidogo, itaacha madoa. Shona hivyo hivyo, ukimaliza fua yote pamoja kwa sabuni ya kipande, anika juani, rudia mara mbili tatu, rangi zitakaribiana. Ndo utie kanji (wanga wa kukazia nguo) uivalishe bakuli ikauke.