Wenye kadi za maduka ya jumla ughaibuni (Costco, Sam's Club na mengineyo), tupeane uzoefu

Mgeni wa Columbus

Habari zenu wanajamvi, na shikamoo kwa wakubwa zangu.

Niko Columbus, Ohio, huu ni mwezi wangu wa nane hapa. Nyumbani tupo watatu: mimi, mume wangu na mtoto wa miaka miwili. Jirani yangu ana kadi ya uanachama ya Costco, ambayo bila hiyo hununui humo, na kila tukikutana ananisihi nikate ya kwangu, dola 65 kwa mwaka. Kwangu mimi dola 65 ni chakula cha siku kadhaa, ndiyo maana sijakimbilia. Jumamosi alinichukua nikaingia naye kama mgeni wake. Nimeona viroba vya mchele, madumu ya mafuta, sabuni ya kufulia ya kutosha mwaka, nikajikuta nawaza Kariakoo. Lakini friji yetu ni ndogo na stoo hatuna.

Naomba kila anayetumia maduka haya aseme: mko wangapi nyumbani, unanunua nini, umeacha kununua nini, na ile ada inarudi au hairudi? "Ni rahisi sana" nimeshaambiwa vya kutosha. Nataka hesabu.

Dereva wa Seattle

Karibu sana dada. Mimi niko Seattle, mji ambao Costco walifungua ghala lao la kwanza mwaka 1983, na kadi yangu ina mwaka wa kumi na moja. Hesabu yangu ni hii.

Nabeba abiria siku sita kwa wiki. Kituo chao cha mafuta ni cha wanachama tu, na huku ninapokaa galoni moja huwa chini ya vituo vya jirani kwa senti 20 hivi, siku nyingine zaidi. Naweka galoni 40 kwa wiki, kwa hiyo naokoa dola 8. Wiki ya tisa ada imesharudi yote na sijanunua hata kitunguu. Sasa kama mumeo anakwenda kazini kwa basi, hesabu yangu haikuhusu, usiichukue kama ilivyo.

Halafu wakikuambia uchukue kadi kubwa ya dola 130 ile inayorudisha asilimia 2 ya manunuzi, piga hesabu kwanza. Nyongeza ni dola 65. Ili asilimia 2 ikupe dola 65 lazima ununue vitu vya dola 3,250 kwa mwaka, yaani kama dola 271 kila mwezi, humo humo dukani kwao, na mafuta ya gari hayahesabiwi. Familia ya watu watatu sidhani.

Na ujue jinsi biashara yenyewe ilivyo, maana ukiijua hutapotea. Juu ya bei waliyonunulia wanaongeza kidogo, mwisho wao ni kama asilimia 14 au 15. Faida yao kubwa inatoka kwenye ada zetu. Ndiyo maana ghala zima lina aina kama elfu nne tu za bidhaa, wakati supamaketi kubwa ina makumi ya maelfu. Ukitaka kuchagua kati ya aina sita za maharage, hutazikuta. Ile moja waliyoileta ndiyo hiyo, na mara nyingi ni nzuri.

Mwanafunzi wa Minneapolis

Mimi nilikuwa peke yangu, chumba kimoja, friji ya kuchangia na wenzangu wanne. Mwezi wa kwanza parachichi na mchicha viliniozea karibu vyote. Mwezi wa pili nikasema nitanunua vikavu tu, nikajikuta nakula shayiri asubuhi na jioni ili iishe. Bei ya kila kitu ilikuwa nzuri, lakini jumla ya matumizi yangu ilipanda kutoka dola 180 kwa mwezi hadi 240, nilikuwa naandika kila siku kwenye daftari.

Nikarudisha kadi. Costco wana utaratibu kwamba kama hujaridhika na uanachama wanakurudishia ada yako, nami nilirudishiwa yote. Dada hilo lijue kabla hujaogopa hizo 65.

Mama wa Mgao, Houston

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali zuri, nami nina la kusema, nivumilie.

Sisi hapa tuko familia tano, watu 23 ukihesabu na watoto, na tunanunua pamoja huu mwaka wa sita. Mwenye kadi ni mimi. Kadi haiazimwi, ina picha yangu na mlangoni wanaiskani, kwa hiyo ninayekwenda na kulipa ni mimi, na mmoja wa wenzangu anafuatana nami kama mgeni kunisaidia kusukuma toroli. Ada tunachangia, dola 13 kila familia. Hapo ndipo hesabu yako ilipo: kwetu ada ni dola 13 kwa mwaka, siyo 65.

Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, sebuleni kwangu, na mzani mezani. Nyumbani mama yangu na majirani zake walikuwa wakinunua gunia la maharage sokoni, wanapimiana kwa kisado. Wale mliotoka Kenya mnajua gorogoro. Ni jambo lile lile, ila hapa tunapima kwa paundi na tunafunga kwenye mifuko ya plastiki. Kiroba cha mchele cha paundi 50 kinatoka paundi 10 kila familia. Unga wa ngano vivyo hivyo, maana chapati hazikosekani. Mafuta, sukari, vitunguu, karatasi za chooni. Nyama ya mbuzi tunaifuata kwenye yale maghala yao ya wafanyabiashara, Business Center, ambako mwanachama yeyote anaruhusiwa. Mbuzi anauzwa mzima, wa kugandishwa, naye ni halali, jambo muhimu kwetu kwa sababu familia tatu kati ya tano ni Waislamu.

Mwanzoni tuligombana. Mwenzetu mmoja aliona anapewa mifupa kila mara, na kwa kweli alikuwa na haki, hatukuwa makini. Akajitoa na tukakaa mwaka mzima hatusemezani vizuri. Jambo hilo liliniuma sana. Tangu hapo tuna kanuni tatu na hazivunjwi. Hela inatoka kabla sijaenda dukani. Risiti inapigwa picha na kutumwa kwa wote kabla sijafika nyumbani. Na anayekata nyama ndiye anayechukua fungu la mwisho. Yule mwenzetu amerudi, na sasa mkataji ni yeye.

Kuhusu friza nisikilize vizuri. Mwezi wa saba mwaka 2024 kimbunga Beryl kilipopiga hapa, watu zaidi ya milioni mbili walikosa umeme. Kwetu ulichukua siku nne kurudi. Nilikuwa na friza kubwa limejaa, nyama yangu pamoja na ya wenzangu wawili ambao hawakuwa na nafasi. Friza lililojaa likiachwa limefungwa hushika baridi saa 48 hivi. Likiwa nusu, kama saa 24. Tulilifunika mablanketi na watoto wakakatazwa hata kuligusa. Jioni ya siku ya pili tukaona tusingoje. Tukawasha mkaa kwenye maegesho ya magari, tukachoma na kupika kila kitu, pilau sufuria mbili. Majirani ambao miaka mitatu tulikuwa tunapungiana mikono tu walikuja na viti vyao. Mama mmoja mzee wa ghorofa ya juu alikuwa hajala chakula cha moto tangu kimbunga kipite.

Sijutii ile nyama. Lakini tangu siku hiyo siweki nyama ya zaidi ya wiki tatu, na simtunzii mtu mwingine. Anayeishi palipo na vimbunga au barafu ya kukata umeme alizingatie hilo kabla hajanunua friza la pili.

Baba wa Tisa, Louisville

Mimi ni Mkongo wa Bukavu, nilifika Kentucky na familia kupitia kambi ya Nyarugusu. Nyumbani tuko tisa. Kwa watu tisa usiulize, kadi inarudi. Mimi nimechukua Sam's Club, ile kadi ya kawaida, nilipoikata ilikuwa dola 50, na duka liko karibu na nyumba.

Wale tuliofika kama wakimbizi na kupewa msaada wa chakula, jueni kwamba Sam's Club na Costco wanapokea kadi ya EBT ya msaada wa chakula. Mfanyakazi aliyekuwa anatusaidia hakutuambia, niliambiwa na jirani kanisani baada ya mwaka mzima. Ila EBT hailipi ada ya uanachama, na hailipi chakula cha moto. Kwa hiyo yule kuku wa kuchoma unayemsikia harufu ukiingia, unamlipia kwa hela yako. Mbichi, EBT inalipa.

Unga wa bugali (ugali) na sombe (kisamvu) huko siendi kuvitafuta. Hivyo ni duka la Waafrika, nao wanahitaji tuwaunge mkono.

Kuna jambo moja liliniumiza siku ya kwanza, nalisema ili lisimpate mwingine. Nimemaliza kulipa, nimefika mlangoni, mtu akaniomba risiti na kuanza kutazama toroli langu. Watoto wangu walikuwa wamesimama pale. Nilidhani wameniona mimi mgeni wakanishuku. Nikatoka nimenyamaza, sikurudi miezi miwili. Kumbe ndiyo desturi ya maduka ya namna hii kukagua risiti za watu wanaotoka, haikuwa mimi tu. Wanaangalia pia kama umelipishwa kitu mara mbili. Ndugu, ukimpeleka mtu mgeni, mwambie mapema.

Nesi wa Leeds

Natoka Tanga, niko Uingereza miaka saba. Costco ipo huku pia, nami nilipoomba kadi niliulizwa kazi yangu, nikaonyesha kitambulisho cha hospitali. Kwa walioko huku: lebo ina bei mbili, ile kubwa bado haijaongezwa VAT. Vyakula vingi havina VAT kwa hiyo huoni tofauti, lakini sabuni, vyombo na vifaa vya umeme vinapanda asilimia 20 ukifika kwa keshia. Angalia ile ya chini.

Kijana wa Kongowea

Mimi siko ughaibuni, niko Mombasa, nina kibanda cha nafaka. Ruhusuni niongeze neno.

Huku kwetu hakuna kadi, kadi yako ni mtaji wako. Mwenye hela ya gunia analipata soko la Kongowea kwa bei ya gunia. Asiyekuwa nayo ananunua mafuta ya kupima, ya shilingi ishirini, sukari ya kufungwa kwenye karatasi, na mwisho wa mwezi amelipa zaidi ya tajiri kwa kitu kile kile. Naliona kila siku kwenye kibanda changu na mimi ndiye ninayempimia. Mama wa Mgao, hao watu wako 23 wamelitatua tatizo ambalo wateja wangu wanaishi nalo. Nimeisoma habari yako mara mbili. Kuna kina mama wanne hapa mtaani wanaonunua unga kwangu kila jioni, kesho nitawauliza kama wako tayari kuchangia gunia moja. Kuwapimia nitawapimia bure.

Dereva wa Seattle

Kijana, ufanye hivyo, na utuletee majibu hapa.

Dada wa Columbus, nilisahau pampasi, na wewe una mtoto. Kwenye lebo ya bei kuna maandishi madogo pembeni, bei ya kipande kimoja au ya aunsi. Hiyo ndiyo ya kusoma. Pampasi za Kirkland, yaani chapa yao wenyewe, ndizo tulizotumia kwa watoto wawili. Lakini supamaketi ya kawaida ikiweka punguzo, mara nyingine inawashinda. Gawanya bei kwa idadi ya pampasi, usitazame ukubwa wa boksi. Na kwa kadi za mkopo, Costco ya Marekani inapokea Visa tu, ya Kanada Mastercard. Kadi ya benki ya kawaida na fedha taslimu hazina shida.

Mgeni wa Columbus

Nimesoma yote, tena kwa sauti, mume wangu akisikiliza. Asanteni mno. Baba wa Tisa, pole kwa siku ile ya mlangoni.

Swali moja kwa Mama: mchele na unga mnauwekaje usiingie wadudu? Nyumbani mama alikuwa anaanika juani, hapa jua lenyewe la kutafuta.

Mama wa Mgao, Houston

Baridi ya friza inafanya kazi ya jua. Unga ukifika, ufunge vizuri kwenye mfuko, uweke kwenye friza siku nne, mayai ya wadudu yanakufa. Kisha uache urudi kwenye joto la kawaida ukiwa bado umefungwa, ukifungua mapema unashika unyevu. Baada ya hapo ndoo yenye mfuniko wa kubana. Kwa friji ndogo kama yako fanya paundi tano tano kwa zamu. Mafuta nunua ya miezi miwili tu, yakikaa karibu na jiko kwa muda mrefu yanaanza kunuka.

Mgeni wa Columbus

Basi nimeongea na jirani yangu leo. Kadi yake inabaki ile ile moja. Tumepata na dada wa Kigoma na familia ya Kisomali ya ghorofa ya chini, tuko familia nne. Ada tumempa jirani robo robo, dola 16 na senti 25 kila mmoja. Tunaanza na mchele, mafuta na unga wa ngano tu, nyama bado, friza kubwa hatuna. Mume wangu ameagiza mzani wa dola 20, unafika Alhamisi.