Jirani mzee katuita tukamsaidie kuanika majani, hela hajataja. Naombeni ushauri

MamaWawili
Habari zenu ndugu zangu. Sisi ni Wakongo, tumekulia kambini Nyarugusu pale Kasulu, sasa tupo Norway huku juu kabisa, Troms, bonde la Målselv, mashamba matupu, duka moja, kanisa na shule. Baridi nimeshaizoea, kinachonishinda ni hii summer. Jua halizami tangu mwezi wa tano na litaendelea hivi mpaka mwezi wa saba unakaribia kuisha, basi watu wamechanganyikiwa, saa sita usiku unasikia trekta, mwingine anapaka rangi nyumba, watoto wako barabarani na baiskeli, kulala hakuna.

Sasa iko hivi. Jirani yetu ni mzee wa sabini na kitu na mkewe, wafugaji wa kondoo. Kondoo wameshawapeleka mlimani, wamebaki na kazi ya majani. Shamba kubwa mwenzake anakuja na mashine inakata, inaviringisha marobota, inayafunga plastiki nyeupe, kwisha. Ila kuna kipande cha mteremko karibu na kwetu trekta haliingii vizuri, hapo bado anaanika kizamani, anasimika miti, anavuta waya, majani yanatundikwa kama nguo. Juzi saa nne usiku kagonga mlango, kaleta rhubarb (mashina machachu ya kupikia) ndoo nzima, kasema Alhamisi na Ijumaa kutakuwa na jua, mje mtusaidie na watoto waje. Akaondoka. Hela hakutaja.

Mume wangu kawaka. Anasema tumeshalima sana mashamba ya watu, hatujaja Ulaya kulima bure. Mimi naona aibu maana yule mzee majira ya baridi yote ndiye aliyekuwa anatuondolea theluji njiani na trekta lake na hajadai hata krona. Je nimuulize malipo au ni kumtukana? Mwanangu wa miaka 14 kaahidiwa kuendesha trekta, nimruhusu? Na nibebe nini, mkono mtupu siwezi.

Mtoto wa Uvira
Dada mumeo ana point. Leo majani, kesho viazi, keshokutwa kuni, mtageuzwa vibarua wa kijiji. Kazi ya shamba Norway ina kima cha chini kisheria, mwambieni aandike mkataba.

BwanaZizi
Hapo unachanganya mambo kaka. Mimi nakamua ng'ombe mkoa wa Trøndelag, nalipwa, nalijua hilo. Mwenye shamba la strawberry anayeajiri watu msimu mzima lazima alipe hicho kima, asipolipa unampeleka Arbeidstilsynet, wakaguzi wa kazi wa serikali, sawa kabisa. Lakini jirani kukuita siku mbili za jua hiyo ni dugnad, msaragambo tu. Dada ukimuuliza saa moja krona ngapi hatakasirika, atakutajia bei kwa adabu na atakulipa, na hatagonga mlango wako tena. Theluji nayo mtalipia.

Elewa pia kwanini anahangaika usiku. Huko mifugo inakaa ndani zaidi ya nusu mwaka, chakula chao kikubwa ni haya majani ya wiki hizi. Kaskazini wanakata mara moja, wakibahatika mara mbili. Yakinyeshewa yakiwa chini yanaharibika, kwahiyo jua likitoka hakuna anayeangalia saa.

Kazi yenyewe haihitaji ufundi ila ina utaratibu wake. Mnaanza waya wa chini, mnatundika majani mafungu madogo madogo, ukijaa ndio unavutwa waya mwingine juu yake, hivyohivyo mpaka juu. Fungu la mwisho linawekwa limening'inia pande zote mbili ili mvua iteremkie nje. Msishindilie! Hewa isipopita katikati panaota ukungu na bibi atakuja kuyatoa yote kimya kimya bila kukusema, na hapo ujue umesemwa. Watoto wape waya wa chini, ndio kimo chao.

Nyakato
Trekta HAPANA. Leseni ya trekta ni kuanzia miaka 16. Mtoto wa 13 mpaka 15 kisheria ni kazi nyepesi tu. Watakwambia watoto wao huendesha tangu wadogo, ni kweli, na ajali za trekta nazo ni kweli. Mpe reki, mwambie mzee kwamba mama kakataa, hatabisha.

Kingine, mkienda piteni pembeni, msikatize kwenye majani ambayo hayajakatwa. Nchi hii msituni na mlimani unatembea popote ila shamba la mtu kuanzia 30 Aprili mpaka 14 Oktoba hupiti. Na mwezi wa nane mkiziona multe, yale matunda ya rangi ya machungwa kwenye vinamasi, ulizeni kwanza, mikoa ya kaskazini mwenye ardhi ana haki ya kuwakataza. Wazee wana sehemu zao hawamwambii hata mkwe. Ukichuma asubuhi, jioni pale dukani wanajua.

MamaWawili
Asanteni jamani. Nimemsomea mume hiyo ya theluji, kanyamaza, kisha kauliza gloves ziko wapi 😂 Alhamisi nina zamu sykehjem, nyumba ya kutunzia wazee, mpaka saa tisa na nusu, nitaunganisha hukohuko. Na mvua ikiharibu ratiba wakasogeza Jumapili? Sisi tunasali.

BwanaZizi
Semeni mnasali, wataelewa vizuri sana. Wazee wengi wa huko hata mashine ya kukatia nyasi hawaiwashi Jumapili. Ila majani yakiwa chini na wingu linakuja utawaona shambani, hilo waachieni wao na Mungu wao.

Na mwambie mume mwezi wa tisa wakienda kuwashusha kondoo mlimani aende, hapo wanahitaji miguu mingi kuliko mashine. Mimi nilizoeana na watu huko kuliko miaka yote ya kozi ya lugha. Vaeni mikono mirefu, visubi vya jioni ni vibaya kuliko mbu.

Mtoto wa Uvira
Mimi bado nasema wasizoeshwe. Ila sawa, theluji ni theluji.

MamaWawili
Hamjanijibu la chakula. Maandazi au sambusa?

Nyakato
Kahawa na waffle watatoa wao. Peleka maandazi, mengi, yataisha kabla hamjafika waya wa tatu. Sambusa peleka pia ila pilipili weka kwenye kichupa pembeni, mle wenyewe.