Eti "mpaka rangi tu"! Huyu mtu leo kanichefua

Wakuu, nimefunga saluni sasa hivi mikono bado inatetemeka. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule anayejua kila kitu kuanzia ofsaidi mpaka upasuaji wa moyo. Mimi namtengeneza mteja kucha huku namsimulia binti yangu habari za Bessie Coleman, mpaka rangi wa kucha aliyekuja kuwa rubani, huyo bwana kaja kuchaji simu, bure, umeme wangu, mara akadakia: "Mpaka rangi tu arushe ndege? Acha kumdanganya mtoto." Mpaka rangi TU! Mbele ya mteja! Mtoto akanitazama kama nimemuongopea maisha yake yote.

Sasa Bessie alikuwa anatengeneza watu kucha kwa kinyozi Chicago, kweli kabisa, kalelewa kwenye mashamba ya pamba Texas, vyuo vya urubani Marekani vikamkataa kwa weusi wake na uanamke wake, akasoma Kifaransa, akapanda meli 1920 kwenda Ufaransa na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kuwa nayo, tena miaka miwili kabla ya Amelia Earhart, yule rubani mwanamke maarufu wa Marekani. Nimemwambia yote hayo jamani, anajibu nini? "Ndo hivyo, mpaka rangi tu." TU!! Mtu hajawahi kurusha hata kishada!

mama_chapati: Pole shoga. Mimi aliniambia biashara yangu haina akili, huku anatafuna chapati yangu. Ya mkopo.

mkuu_wa_kijiwe: Si ungechomoa chaja tu, unatuandikia gazeti zima

bado_nipo: Ila huyo Bessie si alidondoka kwenye ndege?

mleta uzi: Alidondoka ndiyo, Jacksonville, 30 Aprili 1926, na anayeendesha siku hiyo alikuwa fundi wake, mwanaume! Spana ilinasa kwenye mitambo ndege ikabinuka, na Bessie hakufunga mkanda sababu alikuwa anachungulia chini atafute pa kuruka na mwamvuli. Usimtetee mtu wako hapa. Mpaka rangi TU, mbele ya mtoto!

fundi_baiskeli: Mmetaja spana. Nani kakaa na spana yangu namba 13 tangu Pasaka?

mama_chapati: Huyo huyo

fundi_baiskeli: Na pampu?

mama_chapati: Pampu anayo mkuu_wa_kijiwe, nimeiona jana

mkuu_wa_kijiwe: Mimi niliazima kwa heshima. Chapati zimebaki?