Nimelipia "vioo vya kuzuia joto", chumba cha watoto kimekuwa tanuri

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira kweli, naomba mtu asiniambie nipoe maana kupoa ndo kitu nilicholipia na sijakipata.

Nyumba iko Kigamboni, tumehamia mwezi wa 12. Sebule na chumba cha watoto madirisha yanaangalia magharibi, kiwanja ndo kimekaa hivyo. Tulipofika hatua ya aluminiamu nikaenda duka moja la vioo nikamwambia muuzaji kabisa kwamba mimi shida yangu joto. Akanionyesha kioo cheusi cha tinted cha milimita 6, akasema dada chukua hiki, jua haliingii kabisa, bei ikapanda kuliko kioo cheupe na nikalipa hivyo hivyo nikijua nanunua nafuu ya watoto. Hakuniuliza nyumba inaangalia wapi. Fundi aliyekuja kupima naye hakuuliza, kavuta tepu, kaandika urefu na upana, kaondoka.

Sasa njoo kwangu saa kumi jioni uweke kiganja kwenye kile kioo, hufikishi kuhesabu tano. Fremu ndo usiseme. Mwanangu wa mwisho ana miaka 4, aliacha krayoni zake kwenye kingo ya dirisha, nimezikuta zimejikunja na zimegandana na boksi. Saa tatu usiku hawalali, wanahamia kwenye sakafu ya koridoni. Na kwa vile kioo ni cheusi, mchana kweupe tunawasha taa, AC haipumziki, unit 75 tulizokuwa tunamaliza nazo mwezi sasa hata nusu mwezi hazifiki.

Nimekuja kueleweshwa baadaye kabisa na jirani anayefanya kazi za ramani. Kioo cha tinted kinalinyonya lile joto la jua, kinachemka chenyewe halafu kinaanza kulitema, jingine nje na jingine ndani kwako. Weusi wake unapunguza mwanga sana kuliko joto. Kuna kipimo cha kioo kinaonyesha joto la jua linalopita, kinaanzia 0 hadi 1, kioo cheupe cha kawaida kiko kwenye 0.8 na ushee, kwa Dar unatakiwa utafute 0.3 kushuka chini, na hivyo ni vile vyenye utando mwembamba wa madini unaorudisha joto nje huku mwanga unapita. Mbona dukani hakuna aliyenitajia hiyo namba? Wanauza kwa rangi na unene tu!! Na wengine wanakusukumia vioo viwili vyenye hewa katikati kwa bei ya kutisha, kumbe kama vyote viwili ni vyeupe jua likivipiga moja kwa moja bado joto jingi linaingia.

Kinachoniuma zaidi shemeji yangu kajenga Njombe, na yeye kauziwa tinted hiyo hiyo. Njombe jamani! Mwezi wa 7 kule watu wanakaa na makoti ndani, yeye angehitaji jua liingie mpaka kitandani, na vile vioo viwili kwake ndo vingekuwa na maana ya kutunza joto usiku. Nyumba mbili, hali ya hewa mbili, dawa moja.

Halafu haya madirisha ya kusukuma pembeni (sliding), nusu ya dirisha haifunguki milele. Kwa mama yangu Tanga kuna luva za zamani, unafungua zote upepo wa bahari unapita nyumba nzima, na nje kuna kibaraza kinakinga jua kabla halijagusa kioo. Mimi nimeweka pazia zito kwa ndani, ambapo joto limeshaingia tayari.

Jumamosi narudi pale dukani na risiti, nataka tofauti ya bei yangu waliyonitoza kwa ajili ya "kuzuia joto". Nimeshaongea na fundi mbao aniwekee kipaa cha nje juu ya madirisha mawili, ingawa jua la saa kumi na moja linakuja chini chini kwa hiyo itabidi niongeze na chiki, zile pazia za vijiti za kushusha.

Mwenye kujua duka lolote Dar linalouza kioo chenye ile namba imeandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji, siyo ya mdomo, aweke hapa tafadhali. Na bei kwa mita ya mraba.