Nyanya za balkoni wakati wa kaskazi: ndoo, kiroba au chungu? Na mbegu ipi?

MkaziUpanga (mwanzisha mada)

Wakuu habari za leo. Sisi tunaoishi ghorofani Dar, naomba tulinganishe hapa uzoefu wetu wa nyanya kwenye joto hili la kaskazi. Balkoni yangu iko ghorofa ya nne, Upanga, inatazama magharibi. Asubuhi ni kivuli, ila kuanzia saa nane mchana jua linapiga moja kwa moja mpaka lizame, na ukuta unabaki wa moto hata baada ya isha. Nina nyanya aina ya Tanya kwenye ndoo za lita 20. Imenawiri, majani mazito ya kijani, maua yanakuja kwa vishada. Tatizo ni kwamba ua likishafunguka, kikonyo kinageuka njano pale kwenye kifundo, na siku mbili tatu baadaye liko sakafuni.

Sasa najiuliza: nibaki na ndoo, nihamie kwenye viroba, au ninunue vyungu vya udongo? Mbegu nibaki na Tanya, nijaribu Cal J, au nyanya cheri? Na neti ya kivuli ina faida kweli kwenye balkoni, au inapunguza mwanga tu? Nafasi ni kama mita tatu kwa moja na robo, bajeti ya kawaida.

Mkulima_Ilula

Pole mkuu. Mimi niko Ilula, Iringa, nyanya ndiyo maisha yetu huku. Tanya usiiache. Ganda lake ni gumu, ndiyo maana inafika sokoni Dar bila kupasuka. Mmea ukiangusha maua mara nyingi una kiu au njaa. Ongeza maji, weka na CAN, ile mbolea ya nitrojeni, utaona mabadiliko. Chombo kwangu ni kiroba: bei rahisi na hakituamishi maji.

BwanaShamba_Moro

Ndugu yangu wa Ilula, kwenu ushauri huo unafanya kazi kwa sababu usiku mnajifunika blanketi. Mwenzetu wa Upanga hana usiku wa namna hiyo, na shida yote iko hapo.

Nyanya hushika matunda vizuri usiku ukiwa kati ya nyuzi 15 na 20 za Selsiasi. Usiku ukipanda juu ya 22 hivi na mchana ukavuka 32, chavua inadhoofika, ua halirutubishwi, mmea unaliangusha. Dar kuanzia Januari hadi Machi mchana unacheza kwenye 32 au 33, na usiku haushuki sana chini ya 24. Ongeza unyevu wa bahari unaofanya chavua igandane badala ya kupeperuka, halafu ongeza ukuta wa zege uliopigwa jua jioni nzima. Hizo ndoo hazipumziki.

Kinachowapita wengi ni kwamba ua huumia mapema. Chavua hutengenezwa ndani ya tumba wiki moja hadi mbili kabla ua halijafunguka. Ukifunga neti leo, usiihukumu kwa maua ya wiki hii, hayo yameshaharibika. Angalia yale ambayo sasa hivi ni matumba madogo.

Na CAN tafadhali usiongeze. Mmea wenye majani mazito ya kijani una nitrojeni ya kutosha. Ukiongeza utapata majani tu, na maua yatazidi kudondoka.

Kuhusu mbegu: Tanya na Tengeru 97 zilitolewa mwaka 1997, kazi ya kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, kwa kushirikiana na AVRDC, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mboga ambayo leo inaitwa World Vegetable Center. Ni mbegu nzuri za shamba. Cal J ni fupi, inakaa kwenye ndoo bila fujo na huzaa kwa mkupuo. Lakini kwenye usiku wa nyuzi 25 sioni tofauti kubwa kati yao, zote zitakusumbua. Zinazoendelea kushika joto likizidi ni nyanya cheri. Tunda lake ni dogo, mmea hautumii nguvu nyingi kulijaza, na maua ni mengi kiasi kwamba yakianguka nusu bado unapata kitu.

Mama_Tudor

Niko Mombasa, nayaunga mkono ya bwana shamba kuhusu cheri. Hapa kwetu niliziweka Cal J na cheri kwenye baraza moja, udongo uleule, maji yaleyale. Kaskazi ilipokolea Cal J ilikaa na majani yake tu, cheri ikaendelea kufunga vishada, ingawa vifupi kuliko vya Julai.

Ila dada au kaka wa Upanga, ujue cheri hurefuka mpaka dari. Teremsha kamba ya katani kutoka juu, acha shina moja au mawili tu, na vichipukizi vya kwapani uvivunje kwa vidole vikiwa bado havijafika urefu wa kidole. Ukisubiri vinenepe unaacha kidonda kikubwa kwenye shina.

Jambo la pili, tikisa maua. Shambani upepo na wadudu wanafanya kazi hiyo. Ghorofani wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao hawafiki sana, na ndio wanaoweza kulitetemesha ua la nyanya mpaka limwage chavua. Nyuki wa asali hawezi. Mimi natumia mswaki wa betri, nauegemeza nyuma ya kishada kwa muda mfupi, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, umande ukiwa umekauka na joto halijapanda. Ukiwa na jicho zuri unaona vumbi la njano likitoka. Siku lisipotoka, unyevu ni mwingi, rudi kesho.

Chombo napenda chungu cha udongo usiopakwa rangi. Maji yanapenya ubavuni na kupoza mizizi, kama mtungi wa maji ya kunywa.

Fundi_Ndoo

Mama wa Tudor, heshima yako, lakini kwa balkoni ya magharibi chungu sikishauri. Kinapoza, ndiyo, ila kinapoza kwa kutumia maji ya mmea. Pepo za kaskazi zikivuma, chungu unachokimwagilia asubuhi kinakuwa kimekauka saa tisa alasiri, saa ambayo jua la kwake ndiyo kwanza limechachamaa. Nyanya ikikauka na kulowa, ikikauka na kulowa, utapata kuoza kitako: lile doa jeusi lililobonyea chini ya tunda. Si ugonjwa wa kupuliziwa dawa. Kalsiamu haifiki kwenye tunda kwa sababu maji hayaendi mfululizo. Chungu ni kizuri kwa mwenye jua la asubuhi peke yake, au anayeshinda nyumbani.

Kiroba nacho kina mambo mawili. Jua linazichoma zile nyuzi, ukikinyanyua baada ya msimu mmoja kinachanika na udongo unamwagika. Na kinachuruzika pande zote, maji ya samadi yanamshukia jirani wa chini kwenye nguo alizoanika. Shambani haina shida, ghorofani ni ugomvi.

Mimi naipa ndoo nafasi ya kwanza, tena ndoo mbili moja ndani ya nyingine. Tafuta ndoo nyeupe za rangi za lita 20, zioshe vizuri. Ya chini ndiyo tanki. Ya juu itoboe matundu madogo kitakoni, katikati toboa tundu la kuingiza kikombe cha plastiki chenye matundu kinachoning'inia mpaka kwenye maji ya ndoo ya chini. Kikombe hicho kishindilie kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), ndicho kitakachopandisha maji. Pembeni pitisha kipande cha bomba cha kumwagia maji hadi chini. Kisha kwenye ubavu wa ndoo ya chini, chini kidogo ya kitako cha ile ya juu, toboa tundu la kutolea maji ya ziada, vinginevyo mizizi itazama. Mdomo wa bomba na hilo tundu vifunike kwa kipande cha neti, mbu wasizalie humo. Kwa Dar na dengi yake, hatua hii usiiruke.

Mmea mkubwa wakati wa joto hunywa lita mbili hadi nne kwa siku, kwa hiyo tanki dogo la namna hii linakuvusha mchana mzima wa kazini bila wasiwasi.

Ndoo isiwe nyeusi. Kama unayo nyeusi, ipake rangi nyeupe au izungushie gunia. Iweke juu ya vipande vya tofali isiguse sakafu, na uisogeze mbali na ukuta walau futi moja. Udongo wa kichanga peke yake haufai: changanya udongo, samadi iliyooza kabisa, na pumba za mpunga au kokopiti ili isigande. Na kumbuka ndoo moja iliyolowa inakaribia kilo 30, usizipange zote ukingoni.

BintiMaskati

Assalaam alaykum. Nimezaliwa Unguja, naishi Maskati, na joto la huku ni jengine kabisa. Mwezi wa sita mchana unafika 40 na zaidi, usiku unaweza kubaki 30. Hakuna neti wala ndoo itakayokupa nyanya hapo. Wenyeji wa huku kiangazi wanakiacha kipite, wanapanda mwezi wa tisa na wa kumi, wanakula nyanya mpaka Machi au Aprili.

Kwa hiyo mimi nalinganisha kitu kimoja tu: kushindana na msimu au kuufuata. Nyinyi wa pwani mmebahatika, baridi yenu ni kusi, na Julai usiku wa Dar unashuka hadi 18 au 19. Kwa nini mtu ateseke na nyanya Februari wakati bamia, bilinganya na pilipili zinalipenda joto hilohilo? Hizo ndizo za kuweka kwenye ndoo sasa.

Ukitaka neti, chukua nyeupe inayozuia asilimia 30 au 40 ya jua. Nyeusi nayo inazuia jua lakini inapata moto yenyewe na kuurudisha kwenye majani. Ifunge nje ya ukingo, upande jua linakotokea, uache nafasi ya upepo kati yake na mmea. Ile ya asilimia 70 wanayouza ya maegesho ya magari inaua mwanga, mmea utarefuka kama unatafuta mtu.

Na maji ya tanki la juu ya dari msimwagilie mchana. Yanatoka ya moto kweli. Alfajiri yanakuwa yamepoa.

KijanaKigamboni

Naomba kuuliza, balkoni yangu inatazama kusini. Sasa hivi napata jua zuri, ila jirani anasema Julai sitapata kabisa. Kweli? Halafu maji yetu ni ya kisima, yana chumvi kidogo, majani yanaungua kingo.

BwanaShamba_Moro

Jirani yuko sahihi. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri linakuwa upande wetu wa kusini, miezi mingine linapita kaskazini. Balkoni ya kusini inaungua wakati wa kaskazi na inakosa jua wakati wa kusi, ambao ndio msimu wa nyanya. Kwako nashauri mboga za majani Juni na Julai, mchicha na matembele yanaridhika na mwanga mdogo. Balkoni ya kaskazini ndiyo iliyopendelewa. Ya mashariki nayo ni nzuri mwaka mzima.

Kwenye ndoo chumvi haina pa kwenda, inajikusanya. Kila baada ya wiki mbili mwaga maji mengi ya mvua au ya bomba kwa juu mpaka yatoke chini ya kutosha. Mwenye ndoo mbili afungue kwanza ile ya chini, asiirudishe chumvi. Na chumvi pia huchangia kuoza kitako, kwa hiyo usikimbilie maganda ya mayai. Hayo yanachukua muda mrefu mno kuoza na kutoa kalsiamu.

Mkulima_Ilula

Nimewaelewa wa pwani, usiku ndio unaotutofautisha. Basi niwape la wadudu maana hilo tunafanana. Jani likijikunja kuelekea juu, likadumaa na kuwa njano kingoni, hiyo ni rasta, virusi vinavyoletwa na inzi weupe. Haina tiba. Ng'oa mmea, ufunge kwenye mfuko, utupe, usiuache uambukize wenzake. Kinga ni kukagua chini ya majani kila siku na kutundika vibao vya njano vyenye gundi. Kantangaze mnaijua: mabaka meupe kwenye jani, ukilinyanyua kwenye mwanga unamwona kiwavi ndani. Kwa ndoo chache jani hilo unalichuma na kulifinya kwa mkono, huhitaji sumu ya dukani kwenye nyumba yenye watoto.

Mama_Tudor

Nyongeza kwa watakaopata matunda kwenye joto: tunda likivuka nyuzi 30 rangi nyekundu haitengenezwi vizuri, linabaki la machungwa na mabaka. Lichume likianza tu kubadilika rangi, liive ndani ya nyumba kivulini.

MkaziUpanga

Asanteni sana wote. Hizi Tanya nazing'oa, ndoo nazipaka nyeupe na kuzifanya za ndoo mbili. Mbili naweka bilinganya, moja naweka cheri nyuma ya neti nyeupe. Swali la mwisho: nyanya za kusi nisie mbegu lini? Naogopa masika, maana shambani nyanya zinakufa kwa baka jani, ule ugonjwa wa ukungu.

BwanaShamba_Moro

Sia mwishoni mwa Machi kwenye trei ndani ya balkoni. Mwishoni mwa Aprili unapandikiza, na maua ya kwanza yatakukuta mwishoni mwa Mei au Juni usiku ukiwa umeanza kushuka. Masika yasikutishe. Baka jani linahitaji jani lililolowa, na wewe una slabu ya ghorofa ya tano juu yako. Funga neti tu upande mvua inakopigia, mwagilia kupitia lile bomba la ndoo badala ya juu ya majani, na hapo hata Cal J itakuzalia. Tanya pia irudishe ukipenda.